Kadi Kumi na Moja za Bait Rummana

Sib, Jumanne, Novemba 1970

Leo joto limevunjika. Upepo umeshuka kutoka milimani tangu alfajiri, mkavu, na mama ametoa shali lake sandukuni kwa mara ya kwanza tangu tufike Oman. Hali yangu mimi si nzuri. Nimesali magharibi nikasahau nimefika rakaa ya ngapi, ikabidi nianze upya.

Nitaandika yote, hata ya aibu. Shajara hii haina mtu mwengine wa kuisoma, na kama yupo, basi naye nimeshamshuku.

Mimi ni mtu wa shaka, sifichi. Mama husema paka akipiga miayo mimi huuliza kala nini na kapewa na nani. Lakini sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa Unguja, kwenye mtaa wa milango wazi mchana kutwa, nikasomea ualimu, nikafundisha wasichana, nikacheka na kila mtu. Shaka nimeipata Januari ya mwaka sitini na nne, kama wengine walivyopata kisukari. Baada ya hapo tulikaa Mombasa, kisha Dubai, nikishona nguo za watu, na sasa miezi miwili tuko hapa Sib, vyumba viwili karibu na soko, mimi na mama.

Basi. Bait Rummana.

Ni nyumba ya kale nyuma ya mji, kwenye mdomo wa wadi, bonde la mto mkavu, mwendo wa robo saa kwa gari la mwenyewe, Sheikh Nasir. Ghorofa mbili za udongo na chokaa, dari zimechorwa maua, na falaj, ule mfereji unaoleta maji kutoka milimani, unapita chini ya nyumba yenyewe na kutokea shambani kwenye mitende na makomamanga. Wazee wa Sheikh waliijenga, hakuna anayejua lini. Miaka yote chumba cha juu kilikuwa cha kuwekea tende. Sultani mpya alipoingia mwaka huu na watu wakaanza kuambiana kwamba sasa kusoma ni ruhusa, Sheikh Nasir akatoa magunia, akapaka chokaa, akasema hapa watasoma wasichana. Akatafuta mwalimu mwanamke. Sisi tuliotoka Unguja, Zinjibari kama wanavyotuita hapa, ndiyo kwanza tulikuwa tunashuka, na cheti changu nilikuwa nimekishonea ndani ya mto tangu Mombasa.

Nina wasichana kumi na tisa. Wakubwa wao wanafika miaka kumi na tano na wanashika kalamu kama wanashika mwiko. Nawapenda. Hilo silishuku.

Kinachonisumbua ni chumba cha chini. Huko kuna kazi nyingine ya Sheikh, anaiita utafiti. Anataka kila kinachojulikana na wazee wa bonde hili kiandikwe kabla hawajaondoka nacho: aina za tende, zamu za maji, dawa za majani. Kazi hiyo kampa Bwana Harith, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mzaliwa wa Unguja kama sisi, aliyekwenda kusoma Cairo mwaka mmoja kabla ya mambo yetu na hakurudi tena nyumbani. Ana miwani, ana kalamu tatu mfukoni, na ana kadi. Kadi ngumu nyeupe. Kila kadi dawa moja, na chini yake kuna mistari minne: jina la msimulizi, baba yake, babu yake, nyumba yake ilipo.

Hapo ndipo niliposhtuka.

Dawa ya tumbo ina uhusiano gani na babu wa mtu? Kadi zikijaa hutiwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Sanduku linakaa majlis, chumba cha wageni cha Sheikh, ufunguo anao Harith. Jumatano iliyopita alikuja Mzungu na Land Rover, akaupiga picha mfereji, akanywa kahawa, akafunguliwa sanduku. Nilipouliza ni nani nikaambiwa ni mgeni. Mgeni gani huyo? Mimi nikienda kwa watu naletewa halua, sifunguliwi makufuli.

Na Harith mwenyewe ana mambo yake. Mbele ya Sheikh huzungumza nami Kiarabu cha Cairo. Akinikuta ngazini hugeuza Kiswahili, sauti chini: mlikaa mtaa gani, mlitoka lini, mlitoka na nani. Katika miaka hii sita nimekutana na watu wa aina mbili wanaouliza hivyo. Kuna wanaotafuta jamaa zao, na kuna wanaotafuta jamaa za wenzao. Sikumjibu, nikamtia kwenye aina ya pili bila kumpa nafasi ya kujitetea.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Wanaume hawaingii kwa wanawake wa bondeni, kwa hiyo kadi za dawa nilipewa mimi. Mara mbili kwa juma, darasa likimalizika, nakwenda nyumba kwa nyumba, nakalishwa mkekani, naletewa kahawa na tende, wao wanaeleza, mimi naandika. Kiarabu changu kinawachekesha. Wanasema nazungumza kama msahafu.

Lazima niseme habari za baba ili nijielewe mwenyewe. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha kuzikana cha mtaa wetu. Hakikuwa chama cha siasa. Mtu akifa, wenzake wajue nani apelekewe habari na nani afanye nini. Daftari lake lilikuwa na jalada la kijani, na ndani mna kila mtu wa mtaa: jina, baba, babu, nyumba ilipo. Hati yake ilikuwa nzuri, watu wakimsifia. Januari ile, watu wenye silaha walipoingia mtaani, walikuwa wameshalipata lile daftari, sijui kwa nani. Walisimama barazani kwetu wakasoma. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikaliona jalada la kijani. Jina la kwanza kusomwa lilikuwa la baba. Hatukumwona tena.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipokaa mbele ya Bi Shamsa na kadi gotini, mkono wangu ulikataa.

Bi Shamsa ndiye mjuzi wa dawa wa bonde hili. Amevuka sabini, anaona kwa jicho moja, na ulimi wake hauna breki. Alinieleza maganda ya komamanga: yakaushwe kivulini, yachemshwe mpaka maji yawe mekundu, mtoto anayeharisha anyweshwe kijiko asubuhi na kijiko jioni. Akamaliza, akakaa sawasawa, akanitajia jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, ili nisikosee. Akaniambia babu nimwandike vizuri kwa sababu ndiye aliyesimamia zamu za maji mwaka wa ukame, na hakuna aliyemlalamikia.

Mimi nikaandika: Asya binti Khalfan bin Suud.

Sikupanga. Ndilo jina lililokuja. Bi Asya alikuwa jirani yetu Unguja, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na amekufa. Nilijiambia kwamba kadi hizi zikienda kwa watu wabaya, watamfuata mtu ambaye hawawezi tena kumfanya lolote. Juma la pili nikaandika jina la marehemu mwengine wa mtaa ule ule. Kisha mwengine. Sasa ni kadi kumi na moja. Wanawake kumi na mmoja wa bonde hili, wazima, wanacheka na kunywa kahawa, wamo ndani ya sanduku la chuma kwa majina ya wanawake kumi na mmoja waliokufa Unguja.

Na nilijiona mjanja kwelikweli.

Juma lililopita Bi Shamsa alinishika nguo akaniambia nimsomee kadi yake, anataka kusikia kilichoandikwa. Hajui kusoma. Nikaiazima kwa Harith, aliyenipa bila kuisoma, nikaishika mbele ya Bi Shamsa, macho yangu yako kwenye jina la Bi Asya, na mdomo wangu ukasoma jina la Shamsa, la baba yake na la babu yake, bila kukwama. Aliniombea dua ndefu. Akasema hajapata kuandikwa popote tangu azaliwe. Nilirudi nyumbani siku ile na sikula, na mama akadhani ni homa.

Sasa ya leo.

Asubuhi wasichana walikuwa kwenye hesabu za kugawanya. Nikasikia mtu anapanda ngazi, nikajua ni mwanamume kwa viatu. Harith hajapata kupanda darasani, adabu hiyo siwezi kumnyima. Leo alisimama mlangoni na kadi mkononi. Siku zote kadi zangu anazitia sandukuni kama nilivyozileta. Leo ndiyo alikuwa ameanza kuzinakili kwenye daftari kubwa, moja baada ya moja. Akasema kwa Kiswahili, mbele ya darasa zima, wala hakushusha sauti:

"Bi Zuwena, huyu Bi Asya binti Khalfan bin Suud. Yuko wapi?"

Nikajua nimekamatwa. Nikamwambia yuko bondeni, kuna nini.

"Mtu wa hapa hapa, au katoka Unguja?"

Swali la polisi hilo, nikasema moyoni. Nikamjibu kwamba mimi huwauliza watu dawa, siwaulizi safari zao. Nikatoka naye kwenye kidato cha juu cha ngazi, mlango wazi, wasichana wote kimya wanasikiliza lugha wasiyoijua.

"Mama yangu mkubwa ni Asya binti Khalfan bin Suud," akasema. "Miaka sita hatujui yu hai au kafa. Na dawa hii ya maganda ya komamanga ndiyo aliyokuwa akitunywesha, mimi na ndugu zangu, hivi hivi, kijiko asubuhi kijiko jioni. Ni yeye, wallahi. Nakuomba, leo baada ya alasiri nipeleke kwake."

Mtu mwema angelia pale pale. Mimi nilishuku.

Nilijiambia huyu ameshajua kwamba kadi ni za uongo, na sasa ananitega. Majina matatu ya mwanamke wa Unguja mtu anaweza kuyapata popote. Maganda ya komamanga kila bibi kuanzia hapa mpaka Pemba anayachemsha. Na njia nyepesi ya kumfungua mtu mdomo ni kumletea habari za jamaa. Kwa hiyo nikamhoji mimi. Nikamuuliza mama yake mkubwa alikuwa akikaa wapi. Akasema mkabala na fundi baiskeli, mlango wa buluu. Ni kweli, lakini mlango wa nje huonwa na kila mpita njia. Nikamuuliza kama alikuwa na alama yoyote mwilini.

Hakuona ajabu swali hilo. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akakikaza kidole cha mwisho.

"Hichi hakikunjiki. Alijikata na mbuzi ya nazi zamani, mshipa ukafa. Sisi watoto tukikivuta, tukimwambia tunakitengeneza, naye akicheka."

Mkono ule naujua. Niliuosha mimi.

Ilikuwa siku ya tatu ya yale mambo. Bi Asya alikuja kwetu kupitia mlango wa uani, ameshika ubavu, na hakukaa muda mrefu. Mama alimimina maji, mimi nikaosha, na nilikuwa sijapata kumwosha maiti kabla ya siku hiyo. Nilipofika mkono wa kushoto nikataka kuvikunja vidole, kimoja kikakataa. Nikaogopa. Mama akaniambia kiache, ndivyo kilivyo siku zote.

Basi haukuwa mtego. Nilikuwa nimesimama na mtoto wa mdogo wake Bi Asya, na huyo mtoto anacheka kwa furaha kwa sababu yangu.

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nikamwambia aje kwetu baada ya alasiri. Akashuka ngazi vidato viwili viwili, mtu mzima na miwani yake, nikamsikia chini akimwambia mpishi wa kahawa kwa Kiarabu kwamba dada wa mama yake amepatikana. Yule mpishi akamshukuru Mungu kwa sauti. Wasichana wakaniuliza Ustadh amefurahia nini. Nikawaambia wamalize kugawanya.

Nilimkuta mama uani anapaa samaki. Nikamweleza yote, kuanzia kadi ya kwanza. Alisikiliza, kisu kimesimama, magamba mpaka viwikoni.

"Umewapa watu wazima majina ya maiti?" akasema. "Jina la mtu si sufuria, Zuwena, ukaliazima nyumba ya pili bila ya mwenyewe kujua."

Nikamwambia nilikuwa nawalinda.

"Nani kakwambia wanataka kulindwa? Na huyo kijana anakuja hapa anaamini anakwenda kumuona?"

Nikasema ndiyo.

"Basi usimwache hata akakaa kitako."

Akarudi kwenye samaki wake. Mama akishatoa hukumu hana maneno ya ziada.

Lakini nitaungama na hili pia, kwa sababu nimesema nitaandika yote. Kati ya adhuhuri na alasiri nilikuwa na uongo mwengine, na ulikuwa mzuri, umenyooka. Ningemwambia Bi Asya alikuwepo bondeni kweli, akafariki juma lililopita, kaburi lile pale. Kadi zangu zingebaki salama, mimi ningebaki mwalimu, naye angelia mara moja yakaisha. Nani angekwenda kumuuliza Bi Shamsa? Maana nikisema kweli, Sheikh atajua. Zinjibari aliyeingia nchi hii juzi kwa karatasi ya mistari mitatu, kapewa kazi ya amana, kaandika uongo mara kumi na moja. Anaweza kutufukuza. Anaweza kufunga darasa, na watakaokosa ni wale kumi na tisa ambao hawana shule nyingine ya kwenda. Nililipima jambo hili nikiwa nimekaa juu ya msala, Mungu anisamehe.

Alikuja mapema. Alikuwa amevaa dishdasha mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Mkono mmoja amebeba bakuli la halua, mwengine doti ya kanga, nyekundu na nyeusi, na daftari kwapani. Sijui kaipata wapi kanga hapa Sib. Alisimama kizingitini akasema hodi kwa Kiswahili kama tuko kwetu, na mama akamkaribisha kwa jina la mama yake, "mwana wa bibi fulani", maana alikuwa ameshamkumbuka huyo mdogo wake Bi Asya.

Hakukaa. Nilisema amesimama vile vile.

"Bwana Harith, Bi Asya hayupo bondeni. Alifariki Januari ile ile, siku ya tatu. Jina lake kwenye kadi niliandika mimi. Niliogopa. Aliyesimulia ni Bi Shamsa."

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele.

"Nani kasema kafa?"

"Hakuna aliyenambia. Nilikuwapo."

Alikaa mkekani polepole, akaweka bakuli la halua pembeni, kisha kanga juu ya goti, akailaza kwa mkono mpaka ikanyooka. Alipouliza tena, hakuuliza kuhusu kadi.

"Alikoshwa?"

"Alikoshwa."

"Nani aliyemkosha?"

"Mimi na mama."

"Sanda mliipata wapi siku zile?"

Mama ndiye aliyejibu hilo. "Nlikuwa na shuka mbili nyeupe, mpya, nimemuwekea huyu za harusi yake. Hazijapata kutandikwa. Fundi Makame, seremala wetu, na mwanawe ndio waliochimba, uani kwetu. Wakamsalia, tukamsitiri. Usiwe na wasiwasi, baba. Hakutupwa."

Hapo alilia. Alijifunika uso kwa ncha ya kilemba, mabega yakamcheza, na mama akalia naye, na mimi nikalia kwa kile kilio ambacho sikukipata ngazini. Aliponyamaza akatuambia kwamba mama yake yuko Dubai, na miaka sita anakataa dada yake asisomewe hitima. Kila wanawe wakimgusia huwauliza swali moja tu, nani kakwambieni kafa. Anasema, hitima husomwa kwa kubahatisha? Sasa, akasema Harith, nna la kumjibu.

Nilingoja hasira za kadi. Hazikuja, nikaziendea mwenyewe, maana siwezi kukaa na kitu kisicho na jibu. Nikamuuliza yule Mzungu ni nani, kufuli la nini, na babu za watu anawatakia nini.

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Mzungu ni fundi wa visima, akasema, alikuwa anapita, akataka kuona walivyoandika zamu za maji. Sanduku ni la chuma kwa ajili ya mchwa, na kufuli ni kwa sababu mpishi wa kahawa alikuwa anachukua kadi tupu kuwashia moto. Na babu?

"Mimi nlitaka jani na jina tu, mstari mmoja. Bi Shamsa ndiye aliyempelekea Sheikh salamu kwamba kama babu yake haandikwi, yeye hafungui mdomo. Wenzake wakasikia, nao wakataka. Tukapiga mistari mengine."

Wenyewe ndio walioomba. Majuma yote haya nawaficha wanawake waliokuwa wanapigania kuonekana, na babu yule aliyesimamia maji mwaka wa ukame nimemtoa mimi kwenye mstari aliotafutiwa na mjukuu wake.

Nimemwamini Harith? Mchwa nimeamini. Mpishi wa kahawa nimeamini kabisa, ana sura hiyo. Mzungu bado. Siponi kwa siku moja.

Amesema yeye hatamwambia Sheikh, ni juu yangu kumwambia. Sijui kama ni wema au ni adhabu. Kesho kabla ya darasa nitakwenda majlis, nitasimama mlangoni na nitasema. Kama ataniachia wasichana wangu, alasiri nitakwenda kwa Bi Shamsa na kadi mpya, niandike mbele ya jicho lake zima, kisha nimwite mmoja wa wanafunzi wangu amsomee, si mimi. Kama hataniachia, kadi mpya nitaziandika vile vile kabla sijaondoka. Naogopa. Nimeshafukuzwa nchi moja na najua inavyokuwa.

Kabla hajatoka, Harith alitoa daftari lake. Asubuhi alikuwa ameshanakili majina yote, kabla hajarudi kwenye lile moja na kulitazama vizuri. Akanionyesha ukurasa.

"Na hawa kumi?"

Nikamwambia ni wa mtaa wetu. Nikamwambia wote ni marehemu.

Akalifunga daftari. "Wana watu wao, Bi Zuwena. Dubai, Mombasa, Cairo, huko kote kuna wanaosubiri kama mama. Andika unalolijua."

Kanga ameiacha kwa mama. Hitima tutasoma Ijumaa, hapa hapa kwetu, na mama ameshaanza kuhesabu sahani za kuazima kwa jirani.

Sasa ni kati ya magharibi na isha. Nimewasha taa, nimeweka karatasi kubwa mbele yangu, nimepiga mistari: jina, baba, babu, nyumba ilipokuwa. Nimeongeza mstari mmoja ambao Harith hakuuomba. La kwanza ni Bi Asya, nimelijaza mpaka mwisho. La pili najua, walikuwapo binti zake. La tatu najua. La nne nilisimuliwa na mtu aliyeshika ndoo, na huyo namwamini.

Jina la tano ni Bi Rukia, aliyekuwa akinisuka nywele nilipokuwa mdogo. Nimeandika jina lake, la baba yake, la babu yake, nimeandika nyumba na upande wa mlango. Mama amepita nyuma yangu, akasoma, akasimama. Nimemuuliza. Ametikisa kichwa akaenda zake chumbani.

Mstari wa mwisho uko mtupu. Huyu sijui aliyemwosha.